Nimeuziwa "treki nane" Kariakoo, kufika nyumbani matundu mawili! Wauzaji wa rekoda mnatuonaje?

Wakuu, habari za jioni. Niko humu miaka mingi kama msomaji tu. Huu ndio uzi wangu wa kwanza, na naufungua kwa sababu yamenifika shingoni. Wafanyabiashara mtakaopita hapa, someni mpaka chini kabla hamjaanza kumtetea mwenzenu. Duka silitaji, chapa ya mashine nayo siitaji, maana kiwanda hakijanikosea kitu. Aliyenikosea ni mtu mwenye mdomo.

Napiga gitaa. Si la jukwaani, ni la uani kwangu Mbagala, mimi na wenzangu watatu: mmoja besi, mmoja tumba, na shemeji yangu anaimba. Tuna nyimbo kumi na moja ambazo watoto wa mtaani wameshazikariri, lakini hakuna hata moja iliyorekodiwa. Studio za huku wanatoza kwa wimbo, na prodyuza ukimwambia unataka tumba la kweli na besi ya kweli anakutazama kama umemletea ng'ombe ndani. Biti anayo tayari kwenye kompyuta, anachongoja ni sauti yako tu. Nikasema basi, natafuta rekoda yangu mwenyewe, ile ndogo ya kubeba, yenye treki nyingi. Kila chombo kikae kwenye treki yake, mtu wa besi akikosea arudie yeye peke yake. Nikavunja kibubu cha miezi saba. Laki tano na nusu.

Dukani nilisema hivi, na nilirudia mara mbili: "Kijana wangu, nataka ya kurekodi watu wanne kwa pamoja, kila mtu na treki yake."

"Bosi, hii hapa. Treki nane. Wanne wanaingia na nafasi inabaki. Mtumba wa Japani huo, mzima kabisa."

Boksi lina namba 8 kubwa kama ya jezi. Mashine ina vitufe vinane vya kusukuma juu na chini, nimevihesabu kwa kidole. Nikalipa. Akaniongezea na maiki moja ya kondensa, "ya studio kabisa hii bosi", na memori kadi ya GB 64.

Jumamosi wenzangu wakaja na vyombo vyao. Mke wangu kapika na pilau, maana kwetu siku ile ilikuwa kama sherehe. Nikaigeuza mashine nichomeke waya. Matundu mawili. Nikaigeuza tena, labda mengine yako upande wa mbele. Huko mbele kuna la hedifoni tu. Mwenzangu wa besi kashika waya wake mkononi, ananitazama mimi, anatazama mashine, hasemi kitu.

Sasa ngoja niwaeleze nilichokuja kukijua kwa hasara, mtu mwingine asiliwe kama mimi. Treki ni sehemu ya kuhifadhia sauti, tundu ni sehemu ya kuingizia. Mashine inaweza kuwa nyumba ya vyumba vinane yenye mlango wa kupita watu wawili wawili. Mwisho wa siku vyumba vyote vitajaa, ni kweli, lakini wanne hawaingii kwa mpigo. Unarekodi wawili, unarudi mwanzo, unawasikiliza kwenye hedifoni huku unawarekodi wawili wengine juu yao. Kwa mtu anayepiga vyombo vyote mwenyewe chumbani usiku, mashine kama hii inatosha kabisa, imetengenezwa kwa ajili yake. Lakini mimi sikuuliza kuhusu mtu mmoja chumbani!

Na hizi namba mbili hazifichwi. Zimeandikwa kwenye maelezo ya kila mashine, ila siyo kwenye boksi kwa herufi kubwa. Tascam DP-008EX inacheza treki 8, inarekodi 2 kwa wakati mmoja. Zoom R8 hali kadhalika, 8 kwa 2. Tascam DP-006 ni 6 kwa 2. Zoom R16 inacheza 16 na kurekodi 8. Tascam DP-24SD ni 24 kwa 8. Kwa hiyo ukisikia mtu anajisifu treki, muulize ya pili: ngapi kwa mpigo? Swali hilo moja lingeniokolea laki tano na nusu yangu, na yule kijana alilijua jibu lake, maana niliporudi alinijibu bila kufungua kitabu.

Tuendelee. Tukasema haya, turekodi kwa zamu. Gitaa na besi kwanza. Ikatoka safi. Kisha tumba juu yake. Wakuu, tumba lilikuwa linamkimbiza gitaa, na gitaa lenyewe halimsikii mtu, limeshaganda pale! Tukipiga pamoja uani mwendo unapanda kwenye kiitikio na sisi wote tunapanda nao, hakuna anayegundua. Ukirekodi kwa zamu, ule mwendo wa wa kwanza unabaki kama ulivyo, anayefuata anabaki kuotea. Ubeti wa tatu ulikuwa kama daladala mbili zinagombea abiria. Baadaye shemeji akagundua mashine ina kile kipima mwendo cha tik-tik ndani yake. Ukikiwasha tangu mwanzo wote mnafuata saa moja. Hiyo nakiri ni ujinga wangu, simlaumu muuzaji.

Ila hili la adapta namlaumu mpaka kesho. Plagi ya Japani ina bapa mbili, soketi zetu ni za matundu matatu, kwa hiyo kijana alinipa kile kigeuza plagi, "chomeka tu bosi". Kigeuza plagi kinabadilisha miguu, hakibadilishi umeme! Japani ni volti 100, sisi ni 230. Adapta imeandikwa pale pembeni, kwa maandishi madogo, AC 100V, na nisingeyasoma bila miwani. Dakika kama ishirini tukaanza kusikia harufu, kila mtu anamshuku mwenzake, mara plastiki ikavimba. Bahati mashine yenyewe haikufa. Tukahamia betri, sita ndogo. Nikanunua zile za bei rahisi pale kwa Mangi, hazikufika hata saa moja. Zile za kaboni hazifai kwa mashine inayokula umeme, nunua alkalini au za kuchaji.

Maiki ya kondensa nayo kimya. Siyo mbovu. Kondensa za aina ile zinahitaji kupelekewa volti 48 kutoka kwenye mashine kupitia waya uleule wa pini tatu, mafundi wanaita fantomu. Mashine yangu haina. Aliyeniuzia aliniuzia vyote viwili kwa mkono mmoja, kwenye kaunta moja, akavitia kwenye mfuko mmoja. Kadi ya GB 64? Mashine imeikataa, mwisho wake ni GB 32. Na wala hata hiyo 32 ni nyingi: treki moja kwa dakika moja, kwa ubora ule wa sidii, ni kama MB 5. Wimbo wa dakika nne wenye treki nane zote zimejaa hauvuki MB 170. Piga hesabu mwenyewe, 64 ilikuwa ya nini kama si kuniongezea risiti? Risiti yenyewe hata hakunipa.

Jumatatu nikarudi. Sikwenda na matusi, nilikwenda kistaarabu. Nikamwambia kijana, uliniambia treki nane. Akaivuta mashine, akaanza kugusa vile vitufe kimoja kimoja, mbele ya wateja. "Moja. Mbili. Tatu. Nne..." mpaka nane. "Bosi, si nane hizi?"

Wakuu, zilikuwa nane kweli. Hapo ndipo damu ilipochemka, kwa sababu hakusema uongo hata neno moja. Nikamuuliza, na wanne kwa pamoja? "Ah, kwa pamoja ni wawili, bosi, hiyo inajulikana." Inajulikana na nani? Ukutani kuna kibao, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Akaniambia anaweza kuichukua kwa laki mbili na nusu. Siku nne tu toka ninunue!

Nisiwe mnafiki, kuna kitu kilitokea Jumamosi ile ile ambacho hakijanitoka kichwani. Jirani yangu ni mzee aliyepiga tarumbeta kwenye dansi miaka ya 70. Alisikia kelele akaja na kigoda chake. Nilipomweleza akacheka mpaka akakohoa. Akasema wao walikuwa wanaingia studio ya RTD, yaani Radio Tanzania, Barabara ya Pugu bendi nzima, wanapiga wimbo mwanzo mwisho, mmoja akikosea mnaanza upya wote, na ukikosea mara ya pili wenzako hawakusemeshi njiani. Akatupanga. Mashine ina maiki zake mbili ndogo za ndani, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Shemeji hatua mbili kutoka pale, mimi nyuma yake, spika ya besi imegeuziwa ukuta, tumba mlangoni kabisa karibu na jiko. Tukapiga mara tano. Ya tano ndiyo rekodi nzuri kuliko zote tulizopata siku ile, kuku wa jirani yumo ndani.

Sasa hiyo inanitia hasira zaidi, siyo pungufu. Kama ni kuweka maiki katikati na kupiga wote, hata simu yangu ingefanya. Na katika ubeti wa pili besi imekosea noti moja, na siwezi kuigusa bila kugusa wote.

NYONGEZA: Asanteni kwa majibu. Aliyeniambia "tumia laptop tu mkuu", sina laptop, na ukinunua laptop bado unahitaji kile kiboksi cha kuingizia maiki, na nacho kinauzwa kwa mchezo uleule wa namba. Aliyesema nimetapeliwa kwa sababu sijui Kiingereza: boksi limeandikwa Kijapani, ndugu yangu.

Mkuu uliyependekeza Zoom R16 ya mtumba, nimekuelewa, na kwa bendi ya watu wanne nadhani ndiyo nilitakiwa kuanza nayo. Matundu nane, yote yanarekodi kwa mpigo. Ila kwa watakaokuja nyuma yangu, fantomu iko kwenye tundu la 5 na la 6 tu, na gitaa la umeme la kuchomeka moja kwa moja linakaa tundu la 1. Ukilichomeka gitaa kwenye tundu lisilotengenezwa kwa ajili yake, sauti inatoka nyembamba, haina mwili. Nenda dukani na gitaa lako na waya wako, piga pale pale, rekodi, sikiliza kabla hujatoa hela. Akikukatalia kujaribu, ondoka.

NYONGEZA 2: Laki mbili na nusu nimeikataa. Nabaki nayo. Shemeji anasema turekodi wawili wawili na ile tik-tik, tuone. Maiki ya kondensa ipo, haijatumika, mwenye mashine yenye fantomu aje tuelewane bei.

Na natafuta adapta ya volti 9, hasi katikati (yaani ncha ya ndani ya plagi ndiyo hasi), ya kuchomeka kwenye 230. Picha ya maandishi ya pembeni itangulie kabla ya bei. Ya Japani usinitumie.