Tupeane uzoefu: kuwaona kondoo na wana wao kwa karibu hapa Dar

Mdau wa Chanika: Wakuu salaam. Shule zinafungwa, na watoto wanataka kuwaona wanakondoo. Mnadani Pugu siwashauri: wanyama wana uchovu wa safari, hawatulii. Heri umwombe mfugaji Chanika, Bunju au Kigamboni. Nenda saa 11 jioni wanaporudi zizini. Adhuhuri wanasongamana kivulini, vichwa chini, huoni kitu. Jioni mama na mtoto wanaitana, mtoto anapenya mbio mpaka kwenye kiwele, na mama anamnusa chini ya mkia kabla ya kumruhusu. Wa kwake ananyonya huku mkia unatikisika. Wa mwenzake anapigwa kichwa. Hapo ndipo utamu wote ulipo, msiukose.

Mama Kigamboni: Ahsante mkuu. Niongeze namna ya kusogea. Usimwendee kondoo moja kwa moja. Chuchumaa hatua kadhaa pembeni, nyamaza, mwanakondoo atakuja mwenyewe kunusa vidole. Mkune kidevuni au kifuani, usimsukume paji la uso, hasa dume, maana anajifunza kupiga kichwa na akikua ataumiza mtu. Mama akipiga kwato chini, ni onyo: mtoto wako asikae kati yake na mwanawe. Aliyezaliwa leo msimbebe kabisa, bado yeye na mama yake wanazoeana kwa harufu.

Mgeni: Mbona picha za Ulaya wanakondoo wamejaa Machi na Aprili, huku sivyo?

Mdau wa Chanika: Ndugu, kule majike wengi hupata joto la kutaka dume siku zinapofupika, kuanzia Septemba na Oktoba. Mimba ni siku 147 hivi, kwa hiyo wanazaa majani yakichipua. Dar tuko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, urefu wa siku haubadiliki sana, hivyo kuzaa hakuna msimu mmoja. Mpigie mfugaji kwanza umuulize kama kuna waliozaa. Wala msitegemee sufu nene: wengi wa kwetu ni wa kichwa cheusi au wekundu wa Kimaasai, wana nywele fupi na mkia wa mafuta.

Fundi Mifugo: Msiwape mkate wala ugali, jamani. Wanga mwingi unachacha haraka tumboni, asidi inapanda, na kondoo anaweza kufa. Leteni marando ya viazi vitamu, konzi moja moja, mfugaji akiridhia.

Mwanakondoo mwenye afya husimama ndani ya nusu saa hivi na anapaswa kupata dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa 6 za kwanza. Ukimwona amejikunja mgongo, mdomo wa baridi, tumbo limebonyea, mwambie mfugaji papo hapo: hajanyonya. Akimnywesha kwa chupa, ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja.

Wajawazito wasikaribie kondoo wanaozaa wala kushika kondo la nyuma, kuna maambukizi yanayoharibu mimba. Wengine wote, sabuni na maji kabla ya kula chochote.

Mama Kigamboni: Na viatu vya kufunika, hasa masika. Zizi likilowa ni tope na kinyesi mpaka kwenye kifundo.