Meli za mizigo za Ziwa Victoria: tuanze na mafuta gani yenye kaboni kidogo?

Mshauri wa Bandarini (Kisumu):

Ndugu zangu, ninaisaidia kampuni inayosafirisha saruji na mbolea kutoka Kisumu hadi Port Bell na Mwanza, na wenye kampuni wamenitaka niwaandalie mpango wa kuachana na dizeli hatua kwa hatua. Ninafahamu kwamba mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO) liliweka lengo la meli za kimataifa kufikia sifuri halisi ya gesi joto, yaani kutoziongeza angani kwa jumla, kufikia 2050 au karibu na mwaka huo, ingawa kanuni zake nyingi za hewa ukaa zinazilenga meli za ukubwa wa tani 5,000 na zaidi, kiwango ambacho meli zetu hazikaribii. Hata hivyo, wenye shehena wameanza kutuuliza kila safari inatoa kaboni kiasi gani. Je, tufuate methanoli, aina ya alkoholi, kama kampuni ya meli ya Maersk ilivyofanya kwa meli yake Laura Maersk mwaka 2023, au tutumie ethanoli, alkoholi nyingine, inayotengenezwa hapa jirani, Muhoroni, kutokana na molasi?

Fundi wa Chelezo (Kisumu):

Bwana Mshauri, ethanoli ya Muhoroni inavutia kwa sababu iko karibu, lakini haiwezi kumiminwa tu katika tangi la dizeli. Kanuni za usalama wa meli zinataka mafuta ya injini yasitoe mvuke unaoweza kushika moto chini ya nyuzi joto 60, ilhali mvuke wa ethanoli hushika moto kwenye takriban nyuzi 13, na wa methanoli kwenye 12 hivi. Kwa hiyo mtahitaji mabomba yenye kuta mbili, vitambua-mvuke, mfumo tofauti wa kuzimia moto, na injini iliyoundwa kwa kazi hiyo. Tena methanoli ina nusu tu ya nishati ya dizeli kwa kilo, kwa hiyo matangi yatakula nafasi ya shehena inayowalipa mishahara. Huo ni uamuzi wa siku ya kuunda meli mpya.

Kwa injini mlizo nazo, ningeanza na dizeli iliyochanganywa na biodizeli (mafuta yatokanayo na mimea au wanyama), tuseme asilimia 20, katika meli moja. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba biodizeli huyeyusha tope lililoganda miaka mingi katika matangi na kulipeleka moja kwa moja kwenye filta, hivyo injini huweza kuzima katikati ya ziwa, upepo ukivuma. Osheni matangi kwanza, badilisheni mpira wa zamani kwenye viungo vya mabomba, na mwage maji ya chini ya tangi kila mara, maana biodizeli huvuta maji kuliko dizeli na vijidudu huzaliana humo. Msiihifadhi zaidi ya miezi sita.

Mkulima wa Subukia (Nakuru):

Naona wengi wanaizungumzia amonia, gesi inayotengenezewa mbolea, kama mafuta ya meli, itakayotengenezwa kwa umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria. Ninaiunga mkono kwa moyo wote, lakini si kwa meli za ziwa. Amonia ni sumu, na meli zenu hupita karibu na fuo ambako watu huvua, huoga na kuchota maji. Isitoshe, nchi hii hununua mbolea kutoka nje kila msimu, na kila tani ya amonia safi tutakayoipata itafaa zaidi shambani kuliko ndani ya injini.

Karani wa Shehena (Busia):

Wenzangu wamejibu upande wa injini vizuri. Kinachowakwamisha wenye meli, kwa maoni yangu, ni kwamba wanaachiwa peke yao tofauti ya bei. Hakuna mwenye kampuni atakayenunua mafuta ya bei ya juu mwaka mzima kwa sababu mteja mmoja alisema anapenda mazingira. Wasaidie kuandika mkataba wa miaka kadhaa na mwenye shehena mmoja mkubwa, unaotaja nyongeza kwa kila tani ya mzigo na jinsi kaboni itakavyohesabiwa, tangu malighafi inapovunwa hadi mafuta yanapoungua. Hesabu ikianzia kwenye bomba la moshi tu, hata methanoli iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe itaonekana afadhali kuliko dizeli.

Kabla ya hapo, pimeni matumizi ya dizeli kwa kila safari na mpunguze mwendo. Nguvu inayohitajika huongezeka takriban kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo kupunguza mwendo kwa asilimia 10 huokoa karibu asilimia 19 ya mafuta ya safari nzima. Fedha hizo ndizo zitakazonunua biodizeli ya kwanza.

Mshauri wa Bandarini:

Ninawashukuru sana. Nitapendekeza vipimo na mwendo kwanza, kisha meli moja ya majaribio. Je, nitajuaje kwamba biodizeli ninayouziwa ni nzuri?

Fundi wa Chelezo:

Dai cheti cha maabara kwa kila shehena ya mafuta, si kimoja tu cha muuzaji. Kiwango cha Ulaya cha biodizeli, EN 14214, kinaruhusu maji yasiyozidi miligramu 500 kwa kilo na asidi isiyozidi 0.50 (miligramu za KOH kwa gramu, kama cheti kinavyoandika), tumia kipimo hicho na ukatae kinachozidi. Mtengenezaji wa injini na kampuni ya bima wakubali kwa maandishi, na Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya iarifiwe, kabla tone la kwanza halijaingia tangini.