Siku tatu mfululizo ulingoni: kwa nini mwili uligoma siku ya tatu?

Mkono_wa_Kushoto

Ndugu wanamasumbwi, nawasalimu. Nimecheza ndondi za ridhaa kwa miaka minne, na karibu mapambano yangu yote yalikuwa ya siku moja: unapima uzito asubuhi, unapigana jioni, unakwenda zako. Hivi karibuni niliingia kwa mara ya kwanza mashindano ya mtoano yaliyonitaka nipande ulingoni siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza nilishinda kwa pointi bila taabu. Siku ya pili nilishinda tena, ingawa raundi ya tatu niliimaliza kwa kujikongoja. Siku ya tatu, kwenye nusu fainali, miguu iligoma. Niliiona ngumi ikija, nikajua la kufanya, lakini mwili ukachelewa kila mara. Kinachonishangaza ni kwamba mazoezini hufanya raundi nane za sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi na mwenzangu, kwa siku moja na bado nikabaki na nguvu, ilhali hapa raundi zote zilikuwa tisa tu, tena zimegawanywa kwa siku tatu. Je, niliishiwa pumzi, nilikosea chakula, au kuna jambo jingine nisilolijua?

Kona_Nyekundu

Kabla hujailaumu pumzi, tueleze uzito wako wa kila siku ni kilo ngapi na ulipigana katika uzani gani. Nakuuliza hivyo kwa sababu kwenye mashindano ya namna hii mizani haipandwi mara moja tu. Bondia hupima asubuhi ya kila siku anayopigana, na aliyezidi uzani wake huondolewa hata kama jana alimlaza mpinzani kwa nokauti. Bondia wa ngumi za kulipwa kwa kawaida hupima siku moja kabla ya pambano, akapata mchana na usiku mzima wa kurudisha maji mwilini. Wewe hupewa saa chache tu, na kesho yake unarudi kwenye mizani ileile.

Mkono_wa_Kushoto

Kwa kawaida nina kilo 67, na nilipigana katika uzani wa kilo 63.5. Nakiri kwamba baada ya pambano la kwanza nilikunywa maji kidogo sana kwa kuihofia mizani ya asubuhi, na usiku wa pili sikula chochote cha maana.

Kona_Nyekundu

Basi jibu umelitoa mwenyewe. Nguvu za kupigana kwa kasi hutoka zaidi kwenye glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli na ini. Pambano kali huipunguza, na hata mtu anayekula vizuri huhitaji takriban siku nzima kuijaza tena. Saa chache za mwanzo baada ya pambano ndizo misuli inapopokea wanga kwa haraka zaidi, na wataalamu wa lishe hushauri gramu 1 hivi ya wanga kwa kila kilo ya mwili, kila saa, kwa muda wa saa nne. Hapo ndipo mtego ulipo: kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji, kwa hiyo bondia anayejaza nguvu zake ipasavyo lazima aongezeke uzito. Aliye chini ya kikomo kwa nusu kilo anaweza kula na kunywa bila wasiwasi. Aliyejibana hadi gramu ya mwisho, kama wewe, analazimika kuchagua kati ya mizani na misuli, na siku tatu mfululizo wewe uliichagua mizani.

Mzee_wa_Pedi

Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila nimefundisha vijana kwa muda mrefu na ninaona mnaisahau mikono. Sparingi hufanywa kwa glavu nene na mtu unayemfahamu, usiku wa kuamkia sparingi unalala vizuri, na hakuna anayekukusudia mabaya. Kwenye mashindano unarusha kila konde kwa nguvu zote, unatoka ulingoni usiku ukiwa na msisimko, usingizi unachelewa, na alfajiri unaamshwa ukapime. Asubuhi hiyo ndiyo kidole gumba huonyesha kilichokipata jana. Mwaka 1964 mjini Tokyo, Joe Frazier wa Marekani alivunjika kidole gumba cha kushoto kwenye nusu fainali ya Olimpiki, akapigana fainali hivyo hivyo na kushinda kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Wengi huisimulia habari hiyo kama mfano wa kuigwa; mimi huisimulia pamoja na ya Ion Alexe wa Romania, ambaye mwaka 1972 aliumia kidole gumba akashindwa kupanda kwenye fainali, na mpinzani wake, Teófilo Stevenson wa Kuba, akapewa dhahabu bila kurusha ngumi. Kwa hiyo ukiwa umeshinda raundi mbili za kwanza waziwazi, ya tatu icheze kwa miguu na mkono wa mbele. Usivunje mkono kwenye kichwa cha mtu uliyekwisha kumshinda.

Daftari_la_Ringi

Mzee wangu, kwa heshima, ushauri huo wa raundi ya tatu unafaa kwa aliye na uhakika wa kadi za majaji, na bondia wa miaka minne hana uhakika huo. Naongeza jambo moja: daktari humkagua bondia kila siku kabla ya kupigana, nanyi vijana humficha maumivu ya kichwa. Tangu mwaka 2013, wanaume wa ngazi ya juu walipoanza kupigana bila kofia za kinga, tunaangalia zaidi michaniko ya nyusi, lakini kilicho ndani ya fuvu hakionekani. Aliyepigwa nokauti kwa konde la kichwa husimamishwa angalau siku 30. Aliyeyumba akashinda, kesho anarudi ulingoni.

Mkono_wa_Kushoto

Nawashukuru nyote. Nimeamua kuhamia uzani wa kilo 67, ijapokuwa huko nitakutana na watu warefu kuniliko. Nifanyeje ili nisishangazwe tena na siku ya tatu?

Mzee_wa_Pedi

Urefu wao tutauzungumza siku nyingine. Wiki sita kabla ya mashindano, fanya mazoezi ya siku tatu mfululizo kana kwamba ndiyo yenyewe: pima asubuhi, kula, pumzika, kisha jioni raundi tatu za dakika tatu kwa kasi ya pambano, na usiku ule na kunywa kama utakavyofanya huko. Siku ya tatu mlete mwenzako ambaye hajagusa glavu tangu jana yake, kwa maana droo, yaani upangaji wa nani apigane na nani na lini, haigawi mapumziko kwa usawa, na huyo aliyepumzika ndiye utakayemkuta kwenye kona ya pili.