Chuo cha uuguzi: ada nafuu au hospitali yake yenyewe?

Mwombaji
Habari wadau. Kuna vyuo viwili, vyote stashahada ya uuguzi miaka 3. Cha kwanza ada yake ni ndogo, majengo ya kawaida, na vitendo vinafanyika hospitali za nje. Cha pili ada iko juu kwa asilimia 40, kina hospitali yake na maabara mpya. Nyumbani wanaelemea cha kwanza, ila matangazo ya cha pili yanavutia sana. Mtu atajuaje ubora kabla hajalipa? Na hiyo tofauti ya ada inatakiwa inunue nini hasa?

Mkufunzi wa Vitendo
Ndugu Mwombaji, kabla ya ada angalia kibali. Ingia kwenye orodha ya baraza la wauguzi lenyewe, usitegemee kipeperushi cha chuo, uhakikishe jina la chuo, tawi na ngazi ya kozi. Kibali hutolewa kwa kozi fulani mahali fulani. Chuo chenye kibali cha stashahada makao makuu kinaweza kuanza kudahili kwenye tawi ambalo halijakaguliwa, na wanaosoma huko wakaja kukwama kwenye usajili. Ukikuta kimeandikwa kibali cha muda, uliza kinaisha lini. Kikiisha kabla hujahitimu, hatari hiyo umeibeba wewe.

Kisha omba matokeo ya mtihani wa leseni ya miaka 3 hadi 5, ya waliofanya kwa mara ya kwanza tu. Hapo kuna ujanja wa kuuangalia vizuri. Tuseme walidahiliwa 60, waliofika kwenye mtihani ni 38, wakafaulu 36. Tangazo litasema ufaulu ni asilimia 95, na si uongo. Lakini kati ya 60 walioanza kulipa, waliopata leseni kwa wakati ni asilimia 60 tu. Waliobaki wameanguka mtihani, wamerudia mwaka, wameacha, au wamezuiwa kuufanya baada ya kushindwa mchujo wa ndani. Kwa hiyo uliza namba tatu kwa mkupuo mmoja: walioanza, waliomaliza kwa wakati, waliofaulu mara ya kwanza. Chuo kikianza kuzungukazunguka hapo, kwangu hilo ni jibu tosha.

Hesabu Kwanza
Nichangie upande wa fedha. Ada ni sehemu tu ya gharama. Omba kwa maandishi orodha ya kila malipo ya miaka yote 3: sare na viatu vya wodini, chanjo ya homa ya ini B, bima, daftari la vitendo, malipo ambayo hospitali hudai kwa kupokea wanafunzi, nauli na malazi ya kipindi cha vitendo, ada ya mtihani wa leseni na ya usajili.

Mfano: chuo cha kwanza ada ni 100 kwa mwaka, cha pili 140. Cha kwanza kinakupeleka hospitali za mbali, nauli, chumba na malipo ya hospitali vinafika 45. Cha pili wodi ziko ndani, nyongeza ni 15. Umebaki na 145 dhidi ya 155, yaani tofauti si 40 tena bali 10. Na ukirudia mwaka mmoja kwenye chuo cha bei nafuu, umeongeza 145 nyingine pamoja na mshahara wa mwaka mzima ambao hukuupata. Hesabu inaweza pia kugeuka. Kama hospitali za nje ziko karibu na chuo na hazidai kitu, cha kwanza kinashinda vizuri tu.

Soma pia sharti la kurudia somo. Kuna vyuo ambako ukianguka somo moja la vitendo unasubiri mwaka mzima lifundishwe tena, na unalipa ada kamili. Kwingine unalipia somo hilo tu na unarudia muhula unaofuata.

Zamu ya Usiku
Tofauti ya ada inunue wagonjwa na msimamizi. Majengo hayamfundishi mtu uuguzi.

Mwombaji, usidanganyike na neno "hospitali yake". Hospitali yenye vitanda vichache, nusu vitupu, na wanafunzi kumi na watano wamesimama kwenye kitanda kimoja, ni mbaya kuliko hospitali kubwa ya umma yenye kila aina ya mgonjwa. Uliza ni vyuo vingapi vinaleta wanafunzi wodi ile ile kwa zamu moja. Uliza mkufunzi mmoja anasimamia wangapi: 8 ni vizuri, 10 bado anaweza, zaidi ya hapo anaishia kusaini madaftari. Uliza kama chuo kinapeleka mkufunzi wake wodini au kinamwachia muuguzi wa zamu mwenye wagonjwa wake. Muuguzi aliyezidiwa atakutuma kupima joto na presha tangu asubuhi hadi jioni, na mwezi utaisha hujawahi kugawa dawa chini ya usimamizi.

Kuhusu saa: Umoja wa Ulaya unadai muuguzi wa kawaida asome angalau saa 4,600, na angalau nusu ziwe za vitendo. Si lazima chuo chako kifuate hiyo, lakini ni kipimo kizuri cha kulinganisha. Omba mgawanyo wa saa kwa wodi: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, leba, afya ya akili, afya ya jamii. Mara nyingi pengo liko watoto na afya ya akili, kwa sababu hizo sehemu ni chache na vyuo vinazigombania.

Ukitembelea maabara, usiangalie ung'avu. Shika ule mkono wa bandia wa kuchomea mishipa. Ngozi ya mpira ikiwa haina tundu hata moja, hautumiki. Ikiwa imechanika na maji yanavuja kila mahali, hakuna anayeibadilisha, na mwanafunzi hawezi kuhisi sindano inavyoingia kwenye mshipa. Fungua kabati: kuna kanula (mirija midogo ya kuwekea dripu), katheta (mirija ya mkojo) na glovu za mazoezi, au maboksi matupu? Halafu waulize wanafunzi wa mwaka wa pili, bila mkufunzi kuwepo, maabara hufunguliwa saa ngapi nje ya kipindi.

Shahada Inalipa
Naona wote mnazungumzia stashahada. Utafiti wa Aiken na wenzake, uliotoka kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 2014, uliangalia nchi 9 za Ulaya. Kila wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10 hospitalini, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 ulikuwa mdogo kwa asilimia 7. Kama fedha ipo, aende shahada moja kwa moja.

Mkufunzi wa Vitendo
Utafiti huo ni mzuri, lakini unalinganisha hospitali. Haumwambii Mwombaji chuo kipi kati ya hivi viwili kinafundisha vizuri. Njia ya stashahada kwanza, ajira, kisha shahada ina nafuu yake kubwa, mradi aulize sasa hivi, na apewe kwa maandishi, ni vyuo vikuu gani vinatambua masomo ya stashahada hiyo na vinampunguzia miaka mingapi.

Na kwa anayewaza kufanya kazi nje, aulize kama cheti cha matokeo huonyesha saa za nadharia na za vitendo kwa kila eneo. Jimbo la California, Marekani, kwa mfano, hutaka nadharia na vitendo vya eneo moja viende pamoja. Mtu akisoma nadharia ya watoto mwaka wa kwanza na kuingia wodi ya watoto mwaka wa tatu, anaweza kuambiwa arudie.

Mwombaji
Asanteni sana. Swali moja la mwisho: chuo cha pili kina mpango wa hospitali kulipa ada, halafu mhitimu anaifanyia kazi miaka kadhaa. Hilo nalo vipi?

Hesabu Kwanza
Linaweza kuwa zuri, ila usisaini siku hiyo hiyo. Tafuta vipengele hivi: deni linapungua kila mwaka unaotumikia, au ukiondoka mwezi wa mwisho unadaiwa lote? Miaka inaanza kuhesabiwa siku ya ajira au siku ya leseni? Mshahara ni sawa na wa wauguzi wengine wa ngazi yako? Ukipata ujauzito au kuugua, muda unasimama au mkataba unavunjika? Na kama hospitali haitakuwa na nafasi utakapohitimu, uko huru au bado unadaiwa? Hilo la mwisho likiwa halijaandikwa, waambie waliandike kabla hujaweka sahihi.