Wana wa Kihamba 🍌 (26 Desemba)

Mama Glory 06:04
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Jana tumekula tukasaza. Mifupa ya mbuzi ipo sufuria nzima, nyama choma kama kilo mbili, wali, na mkungu wa ndizi mshare haujaguswa. Leo hapikwi kipya, ni mtori. Saa saba mezani. Nani analeta maziwa?

Mama Glory 06:41
Nimeangalia waliosoma. Mko 14.

Goddy 07:10
Mimi naleta kijiko

Mama Glory 07:11
Hata mwaka jana ulileta kijiko.

Neema 07:25
Shikamoo mama mdogo. Hiyo nyama ililala wapi? Naondoka saa nne usiku umeme ulikuwa umekatika.

Goddy 07:26
Ililala fofofo 😂

Baba Mdogo Eli 07:28
Iacheni ipumzike, mbuzi yule alikuwa mkubwa wangu

Upendo 07:28
😂😂😂

Neema 07:31
Jamani nauliza kweli

Mama Glory 07:40
Mifupa niliichemsha upya usiku uleule, na alfajiri imechemka tena. Nyama choma iko kwenye friji, umeme haukukawia kurudi. Wali ndio ulibaki mezani.

Neema 07:43
Basi wali usiingie kwenye supu kabisa. Wali ukilala nje unaweza kuweka sumu, na hiyo haitoki hata uuchemshe saa nzima.

Goddy 07:44
Nimeshashushia sahani mbili na chai

Neema 07:44
Goddy!!

Goddy 07:46
Nikifa fungu langu apewe Baba Mdogo, amezoea kupokea vya wenzake

Upendo 07:46
🙊

Baba Mdogo Eli 07:52
Umesemaje wewe?

Goddy 07:53
Utani tu baba mdogo. Shikamoo

Baba Mdogo Eli 07:58
Marahaba. Fungu la kidari la 2019 nilipewa. Sikuchukua. Anayenung'unika nyumanyuma anajijua na yumo humu.

Mama Glory 08:01
Turudi kwenye mtori. Upendo na Glory mmenye ndizi. Pakeni mafuta mikononi utomvu usiwagande, na kila ndizi ikimenywa itumbukie kwenye maji isiwe nyeusi. Nyama choma muikwangue palipoungua, muichambue, iingie mwisho. CHUMVI MSIGUSE, nyama ina chumvi ya jana.

Upendo 08:09
Mama mdogo tutumie blenda, tuko watu 26 😩

Mama Glory 08:10
Mtori wa blenda ni uji. Mwiko upo.

Mama Glory 08:12
Ila nataka sufuria kubwa, ile ya marehemu babu.

Mama Glory 09:02
Sufuria.

Baba Mdogo Eli 09:15
Mbona mnaniangalia mimi

Mama Glory 09:15
Nani kakuangalia, tuko kwenye simu.

Baba Mdogo Eli 09:20
Iko kwa wakwe Mwika tangu kipaimara. Si niliaga?

Upendo 09:21
_Ujumbe huu umefutwa_

Goddy 09:21
Nimewahi kuusoma 😂😂

Glory 10:15
Bibi anasema niandike kama anavyosema yeye: "Kila uzazi wangu nililishwa mtori miezi mitatu. Ndizi zilikuja, maziwa yalikuja, hakuna aliyeulizwa mara mbili. Eli, sufuria ya baba yako ilale hapa leo. Na kidari, aliyesema apewe Eli ni mimi. Mwenye neno anifuate hapa jikoni."

Baba Mdogo Eli 10:52
Sawa mama.

Goddy 10:53
Shikamoo bibi 🙏

Mama Glory 10:55
Maziwa bado.

Neema 11:08
Nina lita mbili ila zamu inaisha saa nane

Mama Glory 11:09
Tunakula saa saba Neema.

Neema 11:12
Si mtaongeza mwishoni mama mdogo?

Baba Mdogo Eli 11:30
Mkwe hapokei simu. Kuna bodaboda wa kwenda Mwika na kurudi? Nani atamlipa?

Mama Glory 11:31
Naanza na masufuria mawili madogo. Hiyo sufuria ije hata saa mbili usiku, umemsikia mama.

Mjomba Dar 11:47
Heri ya Krismasi wapendwa! Ndo naona meseji. Mbuzi mmeshachinja?

Goddy 11:50
Neema uko zamu bado?