Pointi zimewachosha wanachama, nirekebishe wapi?

StejiKondele
Wadau, tunaunda programu ya akiba ya wanabodaboda 120 hapa Kisumu. Kila shilingi 10 ni pointi 1, kuna beji, na orodha moja ya vinara. Wiki mbili za kwanza ilichangamka. Ya nne wengi wameacha kuifungua. Walio juu ni walewale. Wengine wanaweka 200 kwa mafungu 20 ya shilingi kumi kumi ili wapate beji ya "mara 20". Tuongeze zawadi?

Kete64
Zawadi usiongeze, ndugu. Pointi zako zinapima ukubwa wa mfuko, kwa hivyo mwenye pikipiki yake atamshinda daima anayempelekea tajiri, yaani mwenye pikipiki anayoiendesha, hesabu ya siku kila jioni. Hesabu siku alizoweka: siku moja alama moja, hata akiweka mara 20. Ujanja wa mafungu utakufa wenyewe.

Orodha ivunje kwa steji, watu 10 hadi 15, ianze upya kila Jumatatu. Wa 97 kati ya 120 hana wa kumkimbiza. Wa saba kati ya 12 anamwona wa sita mgongoni. Na mfululizo wa siku, yaani siku alizoweka bila kukosa, uwe na mapumziko mawili kwa wiki, maana mvua hunyesha na klachi huungua. Mtu akifika siku ya 40 kisha arudishwe sifuri kwa kukosa siku moja, huyo hamtamwona tena.

Mtaalamu_Nakuru
Beji zenyewe hazina kosa, ila ziseme jambo. "Nyota ya Dhahabu" haimwambii kitu. "Umefika nusu ya bei ya tairi la nyuma" inamwonyesha aendako. Iwe kama mchezo wa bao: una kete 64, zote ziko wazi. Anayeshindwa analiona shimo alilokosea.

Katika jaribio la Marekani la 1973, watoto waliopenda kuchora waliahidiwa cheti wakapewa. Baadaye hamu yao ya kuchora ilipungua. Waliopewa bila kuahidiwa hawakupungukiwa. Kwa hivyo pongezi zije bila kutangazwa.

StejiKondele
Shukrani. Na droo ya kila Ijumaa?

Kete64
Hapana. Bahati nasibu inataka leseni, na mtu ataanza kuweka akiba kwa ajili ya droo. Ikikoma, naye anakoma. Naona mchezo huu unaelekea kwenye lengo la kila mtu, si mashindano ya wote. Muulize siku ya kwanza: unaweka akiba ya nini, na siku gani hupati kitu? Mfululizo wake uupange kwa majibu hayo, na wenye kabambe, simu za kawaida zisizo na programu, watumiwe SMS moja tu, jioni, kabla hawajapeleka hesabu.