Bwana ana green card, mimi niko foleni, na binti yangu kaletewa posa. Nifanyeje?

BintiKisauni · Jumapili, 12 Mei 2024

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Naomba mnisome mpaka mwisho maana mambo yenyewe yamefungamana.

Bwana wangu alipata DV, ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, akaingia huko Septemba 2021 na green card, yaani kibali cha kukaa kabisa, akiwa hajaoa. Yuko Columbus, Ohio, kwenye ghala la mizigo, zamu ya usiku. Tulifunga nikaha Desemba 2022 hapa Mombasa, cheti cha Kadhi ninacho. Julai 2023 akanijazia I-130, fomu ya kuniombea nihamie kwake. Mpaka leo hatujapata kitu zaidi ya ile barua ya kusema wamepokea.

Nina binti kwa ndoa yangu ya kwanza, kazaliwa Machi 2005, sasa ana miaka 19. Bwana ndiye anayemlipia chuo, na mtoto humwita baba. Kwenye fomu yangu jina lake liko pale pa watoto, lakini ombi lake mwenyewe halipo. Bwana aliambiwa na mtu wa msikitini kwao kwamba mtoto humfuata mama, hana haja ya fomu yake.

Sasa wiki iliyopita wamekuja watu kutoka Malindi na posa. Kijana ana adabu, ana kazi, na binti akisikia jina lake anainamisha uso anacheka. Mama yangu anasema mwari haozwi kwa kalenda ya Marekani, aolewe. Dada yangu anasema tukimwoza tumemfungia mlango. Bwana anasema tusijisumbue, yeye 2026 ataomba uraia na mambo yote yatakuwa mepesi.

Nani kasema kweli hapo? Na je, nikiomba viza ya matembezi nikamwone bwana wakati nangoja, kuna ubaya?

---

Msafiri_Kafiri

Dada usiumize kichwa. Mwoze binti nikaha ya nyumbani, msiandikishe kwa Kadhi. Kwenye makaratasi atabaki hajaolewa. Wangapi wamefanya hivyo na sasa wako huko wanakula baridi.

---

KaraniWaFomu

Huyo aliyetangulia msimsikilize, nitamrudia.

Mimi si wakili. Nimekaa miaka kumi na moja katika ofisi ya wakili wa uhamiaji Minneapolis, kazi yangu kujaza fomu na kupokea simu za watu wanaolia. Kisa chako kina mitego mitatu na wewe umeuona mmoja.

Kwanza la posa, maana ndilo lina haraka. Mwenye green card anaweza kuwaombea mume au mke wake, na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa. Basi. Mzazi hamwombei, ndugu hamwombei, mtoto aliye kwenye ndoa hamwombei. Mtoto mwenye ndoa huombewa na raia peke yake, tena kwa foleni ya miaka mingi sana. Kwa hiyo binti akiolewa leo, haki yake ya kupanda na wewe imekwisha leo. Na kama angekuwa na ombi lake mwenyewe, ndoa ingeliua, wala talaka hailifufui. Nimeona msichana aliyeolewa miezi minne akaachika, ombi lililokuwa limengoja miaka sita likawa karatasi ya kufungia mandazi.

Dada yako ndiye aliyesema kweli.

Sasa Msafiri. Nikaha ni nikaha. Walii alikuwepo, mashahidi walikuwepo, na picha za kupaka hina zitakuwa kwenye simu za watu mia. Siku ya mahojiano ubalozini binti atanyanyua mkono wa kulia aape, kisha ataulizwa kama ameolewa. Akisema hapana na ikagundulika, huo ni udanganyifu wa kupata viza, na adhabu yake ni kufungiwa Marekani maisha. Hata akifanikiwa kuingia, siku atakapotaka kumwombea huyo mume ataandika tarehe gani ya ndoa?

Lakini posa si ndoa. Wazazi wakikubaliana, mahari ikatajwa, pete ikavaliwa, hakuna sheria iliyovunjwa. Akishaingia Marekani na green card yake, arudi Mombasa aolewe kwa ngoma na tarabu, kisha amwombee mumewe kwa njia ile ile unayopitia wewe.

Mitego mingine nitaandika nikitoka kazini.

---

Mama_Wawili_Dallas

Karani kasema. Naongeza la viza ya matembezi: fomu ya DS-160 inauliza waziwazi kama kuna mtu aliyewahi kukuombea uhamiaji. Lazima ujibu ndiyo. Hapo ofisa anaona mke ambaye mumewe yuko Ohio na ombi liko njiani, halafu wewe unamwambia utarudi Kisauni baada ya wiki tatu. Hukatazwi kuomba, wapo waliopewa, ila mimi nilinyimwa mara mbili na ile ada ya dola 185 hairudi. Ni rahisi yeye kuja kwako. Mwambie tu asipitishe miezi sita nje kwa safari moja, maana inamharibia hesabu ya uraia.

---

KaraniWaFomu

Nimerudi. Mtego wa pili ni umri, wa tatu ni uraia, na hii miwili inavutana.

Wewe na binti mko daraja linaloitwa F2A: mke wa mwenye green card, na watoto wake walio chini ya miaka 21. Daraja hili lilikuwa wazi karibu miaka minne, watu hawangoji zamu, mpaka Aprili 2023 likawekewa tarehe. Tarehe yenu ni ile siku I-130 ilipopokelewa, Julai 2023. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa jedwali la viza. Tarehe ya F2A ikishapita Julai 2023, zamu yenu imefika. Sasa hivi wanaopewa viza ni wa 2021, yaani kungoja karibu miaka mitatu. Lakini jedwali hili husogea, husimama, na siku nyingine hurudi nyuma, kwa hiyo usinunue begi.

Binti anatimiza 21 Machi 2026. Akivuka umri huo kabla ya zamu, anaangukia F2B, watoto wakubwa wa wenye green card. Tarehe yenu ya zamani haimpotei, lakini foleni ya huko ni kama miaka minane.

Hapo ndipo ilipo sheria ya 2002 ya kulinda umri wa watoto. Wanachukua umri wake siku zamu inapofika, wanatoa muda ambao I-130 ilikaa mezani bila kuidhinishwa. Tuseme yenu inaidhinishwa Januari 2025. Imekaa miezi 18, basi kwenye hesabu yao binti ni mdogo kwa miezi 18, na ana mpaka karibu Septemba 2027 badala ya Machi 2026. Umenielewa? Huo uchelewaji unaokukera, kwa binti yako ni neema. Wewe omba dua wasiharakishe. Zamu ikifika mna mwaka mmoja wa kufuatilia viza yake, mkilala humo kinga inaondoka.

Sasa uraia. Bwana anafikisha miaka mitano Septemba 2026, na anaruhusiwa kupeleka maombi siku 90 kabla. Akiapishwa, wewe unatoka kwenye foleni kabisa, mke wa raia hangoji zamu. Kwako ni mepesi kweli. Ila mke wa raia habebi mtoto. Yule binti aliyekuwa "anamfuata mama" anabaki bila kitu cha kufuata! Mtu wa msikitini alisema kweli ya F2A tu, hakusema kwamba kweli hiyo inakwisha siku ya kiapo.

Bwana ampelekee binti I-130 yake mwenyewe. Kama baba wa kambo anaweza, kwa sharti ndoa yenu iwe ilifungwa kabla mtoto hajafika miaka 18. Desemba 2022 alikuwa na miaka 17 na miezi tisa. Mmepita kwa miezi mitatu, dada, mshukuru Mungu. Tangu 1 Aprili mwaka huu ada ni dola 675 kwa karatasi, 625 kwa mtandao. Apeleke wiki hii.

Hata hivyo asikimbilie kuapa. Mtoto aliye chini ya 21 siku ya kiapo hupita kama mtoto wa raia bila foleni. Wako atakuwa amevuka, anaweza kutupwa kwenye daraja la watoto wakubwa wa raia akangoje miaka. Ikiwa mwishoni mwa 2026 jedwali liko karibu kufika Julai 2023, na kinga ya umri bado ipo, pengine ni bora bwana abaki na green card miezi kadhaa, mpande wote kwa F2A. Uamuzi huo aufanye na wakili mwenye leseni, akiwa na barua mkononi. Wapo "washauri" wa kujaza fomu kwenye maduka ya kutuma pesa. Hao wanajua kujaza, hawajui lini usijaze.

---

Kaka_wa_Ghala

Mimi niko Columbus pia, huyo bwana huenda tunasalimiana bila kujuana. Nilimleta mke wangu mwaka jana. Yaliyonikwaza ni mawili.

Kodi. Mwaka wa kwanza baada ya kuoa nilijaza kodi kama mtu asiye na mke, aliyenijazia alisema "mke hayupo hapa, haina maana". Mahojianoni Nairobi mke wangu akaulizwa mbona mumeo anaiambia serikali hajaoa. Ilibidi nirekebishe kodi ya miaka miwili na faili likalala miezi. Mwambie bwana aangalie kodi ya 2022 na 2023, nikaha ikiwa Desemba 2022 basi mwaka huo wote anahesabiwa ameoa.

La pili kipato. Ile I-864 ya kudhamini inataka asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Kwa watu watatu, yeye na nyinyi wawili, mwaka huu ni dola 32,275. Zamu ya usiku inafika, lakini wanataka kuona kwenye makaratasi ya kodi. Isipofika, atafute mdhamini mwenza, raia au mwenye green card anayeishi huku. Si lazima awe ndugu, ila huwezi kumwomba mtu jambo hilo kwa ujumbe wa WhatsApp, maana anajifunga kisheria.

---

Nahodha_Likoni

Samahani kudandia uzi. Kaka yangu ana green card Seattle, anaweza kuniombea mimi?

---

Mama_Wawili_Dallas

Hawezi. Ndugu huombewa na raia tu. Cheza DV, ndugu yangu.

---

Bi_Mkubwa_Tononoka

BintiKisauni mwanangu, una uhakika hamkuwa na nikaha yoyote kabla bwana hajaondoka 2021? Nauliza kwa sababu kwenye DV ni lazima kutaja mke na watoto wote, na wapo waliojiandika hawajaoa ilhali mke yuko nyumbani. Hao leo wakipeleka I-130 wanajichongea wenyewe.

Na umewahi kuishi Ghuba?

---

BintiKisauni · Jumanne, 14 Mei 2024

Shukran sana. Mwenyezi Mungu awalipe.

Bi Mkubwa, hakuna nikaha ya kabla. Tulijuana 2022, alipokuja kumzika babake. Na ndiyo, nilifanya kazi Muscat miaka miwili, 2014 mpaka 2016. Kuna tatizo?

Jana asubuhi nimempigia bwana wakati wa mapumziko yake ya saa nane za usiku huko. Kodi ya 2022 kajaza hajaoa, sawasawa na alivyosema Kaka wa Ghala. Kanyamaza kidogo kisha akasema "kumbe". Wakili kampata, miadi Alhamisi. I-130 ya mtoto anaipeleka kwa mtandao mshahara ukiingia Ijumaa. Kaniuliza picha za nikaha ambazo binti yupo. Nimetafuta nikapata moja tu iliyo wazi, kashika sinia ya halua, kope zimeungana. Itafaa?

---

KaraniWaFomu

Itafaa, ila isiwe peke yake. Weka na risiti za ada ya chuo zenye jina la bwana, M-Pesa alizomtumia binti moja kwa moja, cheti cha kuzaliwa cha binti, talaka yako ya ndoa ya kwanza. Angalia herufi za jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, cha Kadhi na pasi: watu wa pwani tuna Mwanaisha, Mwana Aisha na Mwanaesha, zote mtu mmoja, na kila moja itakudai maelezo.

Muscat si tatizo, ila ukizidisha mwaka nchi ya watu unatakiwa cheti cha polisi wa huko. Anza kuulizia sasa njia ya kukipata. Kile cha Kenya, cha maadili mema, usikichukue mapema, kitakwisha muda kabla hujaitwa.

---

Bi_Mkubwa_Tononoka

Na pasi ile ya zamani yenye viza ya Oman usiitupe.

Watu wa Malindi umewaambia nini?

---

BintiKisauni

Pasi ya zamani iko kabatini, imeliwa kona na mende.

Malindi wanarudi Ijumaa baada ya Alasiri. Nimemkalisha binti nikamweleza yote, mpaka hesabu za miezi. Kauliza swali moja tu: "Yeye atangoja?" Nikamwambia hilo ndilo nitakalowauliza. Mama yangu bado amenuna, tangu jana anaswali chumbani kwake na chai yangu haitaki.

---

Msafiri_Kafiri

Nimefuta ushauri wangu moyoni, dada. Mpelekee mama mahamri, atafungua.